Mama Mzazi Ataingia Gracefully

Felista alikuwa amevumilia mengi kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yake, lakini ratiba ile ilimchefua. Iliandikwa kwamba mama mzazi ataingia ukumbini "gracefully".

"Ndiyo kuingiaje huko?" alimfokea Peniel, mshereheshaji aliyeletwa kutoka Singida mjini. "Kwani hapa kwetu Mkiwa mmekosa neno la Kiswahili?"

"Ni kutembea kwa madaha, mama, bila papara," alisema Peniel. "Asili yake ni Kilatini, neno lenye maana ya neema na shukrani."

Wakaanza mazoezi. Viatu alivyochaguliwa na kamati vilikuwa na visigino virefu kama miguu ya korongo. Hatua ya tatu aliikumbatia spika, ya tano akamkalia mwenyekiti wa kamati. Felista akavivua, akavirusha chini ya meza, akaingia upya pekupeku. Safari hii alitembea kama aliyejitwika ndoo ya maji na hataki hata tone limwagike. Kamati nzima ikapiga vigelegele.

"Hiyo sasa ndiyo gracefully!" alishangilia Peniel.

"Basi Walatini hawakukosea, mwanangu," alisema Felista. "Shukrani ninayo, tena imeanzia kwenye vidole vya miguu."