Kofia ya Gerson

Gerson, mpagazi wa watalii, alishuka mlimani Jumamosi uso umemwiva kama mtu aliyechungulia tanuri. Mashavu yamevimba, midomo imepasuka, shingo nzima malengelenge. Mkewe, Eunike, alimpokea mlangoni kwao Masama akasahau hata kumpa pole.

"Kofia yako iko wapi?"

"Ilichukuliwa."

Mama mkwe wake Eunike, mama yake Gerson, alikuwa ameshachota samli kwa kidole. "Mpake hii, mwanangu."

"Hapana, Mama, nisamehe," alisema Eunike. "Nesi wa zahanati alitukataza. Mafuta yanafungia moto ndani."

Eunike alilowesha kitambaa cha pamba kwenye maji ya baridi, akakikamua, akamwekea mumewe usoni. Kilipopata joto alikilowesha tena. Akaenda nyuma ya banda la ng'ombe akakata jani la mshubiri, akaacha ule utomvu wa njano uchuruzike wote, kisha akampaka ute wake taratibu, akiyakwepa malengelenge yasipasuke. Akamnywesha maji, kikombe baada ya kikombe. Kila Gerson alipoguna, hasira ilimpanda Eunike kooni, asijue pa kuitemea.

Ndipo Gerson akasema. Kule juu kwenye theluji upepo ulipeperusha kofia ya mgeni mmoja. Kiongozi wa safari akamvua Gerson yake, akampa mgeni. Gerson alipolalamika akajibiwa, "Wewe mweusi, jua litakufanya nini?" Wapagazi wenzake wakacheka.

"Kiongozi gani?"

Gerson akageuzia uso ukutani.

"Gerson, nakuuliza, kiongozi gani?"

"Kaka yako."

Filemon alikuja Jumatatu na kilo mbili za nyama. "Shemeji, Alhamisi tuna wageni kumi. Jiandae."

"Shikamoo, kaka," alisema Eunike.

"Marahaba."

"Mtazame."

Filemon akatazama migomba.

"Mtazame usoni, Filemon!" Hakuwahi kumwita kwa jina tangu utotoni. "Wewe na mimi ni weusi kama huyu. Wewe ukiungua huumii?"

"Eunike, mgeni ndiye anayetulisha."

"Basi ungemvulia ya kwako! Si ulikuwa nayo kichwani?"

Filemon akamsogezea mfuko wa nyama.

"Na nyama yako urudi nayo."

Mama mkwe alishtuka. "We! Nyama hairudishwi."

"Leo itarudi, Mama."

Gerson akainuka kwenye kigoda. "Shemeji, kupanda nitapanda, mlima ndiyo kazi yangu. Ila si na wewe." Midomo ilichanika upya, damu ikamchuruzika kidevuni.

Filemon akaokota mfuko wake, akaondoka bila kuaga.

Siku ya sita ngozi ilianza kubambuka. Mwezi uliofuata Gerson alipata kazi kwa kiongozi mwingine. Eunike na kaka yake walikutana kanisani, wakapeana mikono kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Akilini mwake Eunike alikuwa bado anamfokea.