Mistari Ishirini na Minne

Alihesabu kwa ncha ya kalamu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, kisha akarudia kutoka chini kwenda juu. Ishirini na minne. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akahesabu mara ya tatu.

Mtungi wa mvuke wa hospitali, ule unaoua vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji, huandika joto lake kila baada ya sekunde kumi. Dakika ishirini zinazotakiwa zingeacha mistari mia moja na ishirini. Ishirini na minne ni dakika nne. Na chini yake, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, programu yake ya kuusimamia mtungi ilitangaza: *Dakika 20 zimetimia. Vyombo viko salama.*

Asubuhi karatasi ile ilipotoka, umeme ulikatika kwa dakika kumi na sita. Uliporudi, saa ya kompyuta ilianza pale ilipolala. Mtungi ukapata moto, ukaanza kuhesabu. Baada ya dakika nne mtandao nao ukarudi, saa ikasahihishwa, ikaruka mbele dakika kumi na sita kwa mpigo. Programu yake ikatoa saa ya mwanzo kwenye saa ya mwisho, ikapata ishirini, ikawasha taa ya kijani.

Kila kompyuta ina kihesabio kingine, kisichojua saa wala tarehe, kinachosonga mbele tu tangu mashine iwashwe. Alifundishwa hayo chuoni. Ni mstari mmoja wa programu wa kubadilisha. Alisema ataubadilisha akipata nafasi.

Mzazi aliyepasuliwa kwa vyombo vile siku ile alishazikwa. Na Mama Vyombo, aliyeosha vyombo na kuvipika kwenye mtungi kwa miaka kumi na tisa, alishafukuzwa. Ripoti ilisema alifungua mtungi kabla ya wakati.

Alimpelekea Sista Mkuu zile karatasi. Sista alizisoma akiwa amesimama.

"Una uhakika?"

"Nimehesabu mara tatu, Sista. Si yeye. Ni mimi."

"Ripoti imeshakwenda juu." Sista akakaa taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla. "Andika barua. Nitaipokea na kuipeleka. Lakini mwanangu, nisikudanganye. Kule juu wanajua kufukuza. Kurudisha mtu, sijawahi kuwaona."

Kabla ya kutoka hospitali alirudi mezani kwake, akafungua droo na kuchukua kisaa cha jikoni cha kuzungusha kwa mkono, chekundu, rangi imebabuka. Kilikuwa cha Mama Vyombo. Siku ya kufunga programu kwenye mtungi alimnyang'anya kwa utani. "Hiki tunakipeleka makumbusho, mama." Naye akacheka, akampachika jina: Bwana Sekunde.

Alimkuta Mama Vyombo uani kwake, anaanua nguo.

"Bwana Sekunde! Leo umepotea njia?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye ndoo, viti vina kazi." Viti viwili vilikuwa vimebeba godoro lililoanikwa.

Akakaa. Akamweleza yote, bila kupamba. Mama aliendelea kukunja nguo, shuka, kitambaa, shuka, mpaka aliposikia "dakika nne". Mikono ikasimama.

"Nilikupigia simu siku ile."

"Ulinipigia."

"Nikakwambia, mbona vimewahi leo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanijibuje?"

"Nilisema, amini taa. Kompyuta haikosei hesabu."

"Ehee."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kibao. Njiani alithubutu kufikiri kwamba labda angempunguzia mzigo. Mama aliketi chini, nguo mapajani, akaitazama mikono yake.

"Siku zote hizi nilikuwa nasema, labda nimezeeka. Labda nilisahau kufunga pakiti vizuri. Hilo nililizoea, nikawa nalala nalo." Akaigeuza viganja juu. "Kumbe mikono ilijua. Ilijua, nami nikaufungua mtungi."

"Kosa ni langu, mama. Nimeandika barua."

"Barua umeandika, vizuri. Yule binti aliyepasuliwa nani atamwandikia? Alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama kutauma."

Akatoa kisaa mfukoni, akakiweka kwenye sakafu katikati yao, na mara moja akajutia kukileta.

Mama alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakichukua, akakifuta kwa kitambaa kilichokuwa mapajani, akakizungusha mpaka ishirini, kwa mazoea ya vidole. Kikaanza kugonga.

Jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, hakuitikiwa. Kivuli cha kamba ya nguo kilipanda juu ya godoro. Dakika ya nne ilipopita, Mama Vyombo alifumba macho, lakini mkono wake haukuondoka juu ya kile kisaa, na wala Bwana Sekunde hakuthubutu kuinuka kwenye ndoo kabla hakijalia.