Baba Mkwe Anachagua Kishikwambi

Kri, kri, kri. Gizani, jogoo akiwa bado na usingizi, kikombe cha bati juu ya kabati kikaanza kutetemeka. Marieta alijua somo limefika. Simu yake ililala humo kikombeni kila siku, maana katika nyumba yao yote ya Nangwa mtandao ulipenda kukaa pale tu. Akaipapasa, akaifungua. Simu ikamjibu, kama kawaida yake, kwamba imejaa. Video ya mwalimu Helena ikazunguka, ikazunguka, ikakata.

Tangu ajifungue mtoto wa pili, Marieta alishindwa kwenda Katesh kwenye darasa la jioni. Mwalimu Helena alikubali kumtumia masomo kwa video, ila alimwonya: "Tafuta kishikwambi, mama. Ukizidi kuyakosa masomo haya, jina lako nalisogeza mwakani." Na mwakani ni mbali. Wanaokwenda huko wengi hawarudi.

Siku hiyo ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Baba mkwe wake, mzee Akonaay, alikuwa ameuza dume la ng'ombe mnadani na kuahidi kumnunulia mkwewe kishikwambi, kwa sharti moja: bei angepatana yeye. Njiani kwenda dukani Marieta akamweleza taratibu, mdogo mgongoni, Letisia wa miaka minne akiwa ameshikwa mkono.

"Baba, viko vya aina mbili. Kimoja unakitia laini, kinashika mtandao popote penye mnara. Kingine hakina tundu la laini, kinategemea mtandao wa dukani au ofisini. Hicho kwetu Nangwa kitakuwa kioo cha kujitazamia."

"Nimeelewa. Chenye tundu," alisema mzee. "Sasa nisikilize na mimi. Mnyama unayemtaka humtazami. Unamtukana yeye, unamsifu jirani yake. Muuzaji akichoka, anakuachia kwa huruma. Wewe ukifika, nyamaza."

Duka lilikuwa la Idrisa, kijana mpole aliyelelewa kuwatii wazee, na ambaye hajawahi kukanyaga mnadani. Akawaamkia, akaweka vishikwambi viwili juu ya kioo cha kaunta. Cha rangi ya dhahabu kilikuwa kinaonyesha kwaya, rangi zinameremeta hadi macho yanauma. Cheusi kilikuwa kimya. Idrisa akakitia laini ya Marieta, na mara mwalimu Helena akatokea akiandika ubaoni, kila herufi inasomeka, sauti yake safi kama yupo pale dukani. Moyo wa Marieta ukaruka. Kisha akakumbuka maagizo, akatazama dari.

Mzee Akonaay akakigeuza kile cheusi, akakibonyeza mbavuni.

"Hiki kinaumwa?"

"Hapana mzee, ni kizima kabisa."

"Mbona kimekonda? Mama yake alikufa mapema?" Akakisukuma pembeni kwa kidole. "Lakini huyu wa dhahabu, huyu ametoka zizi lenye majani."

"Ila mzee, hicho hakitumii laini."

"Nimekuuliza laini?"

Mkubwa akishasema, amesema. Idrisa akachukua boksi, akaanza kukifunga kile cha dhahabu. Marieta akakohoa. Mzee akamkonyeza, maana yake: unaona, analegea.

Hapo akaingia Basili, mwalimu wa kwaya kutoka Mogitu, akauliza kama kuna kishikwambi cha laini.

"Kimebaki kimoja," alisema Idrisa. "Hiki hapa. Mzee amekikataa."

Basili akakinyanyua, akakipima mkononi, akatabasamu. Marieta akakohoa tena, safari hii mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Tulia," mzee alimnong'oneza. "Huyo amepangwa. Kila mnada una mtu wa kujifanya mnunuzi ili wewe utetemeke." Akapaza sauti: "Kichukue, kijana wangu. Ukifika Mogitu ukizike vizuri."

Basili akacheka, akatia mkono mfukoni.

Marieta akafungua mdomo. "Baba..."

"Nimesema tulia."

Akaufunga. Mkwe kumpinga baba mkwe mbele za watu, tena dukani, Nangwa hilo husimuliwa hadi kwa wajukuu. Lakini mwalimu Helena alikuwa anaondoka, chaki mkononi, anakwenda Mogitu kufundisha kwaya, na mwaka mzima unamfuata nyuma. Macho yakamlowa. Akajifuta kwa pembe ya khanga, akajisingizia vumbi.

Idrisa alikuwa amemkalisha Letisia juu ya kaunta na kumpa biskuti. Mtoto akamtazama mama yake, akamtazama Basili, akameza alichokuwa anatafuna. Kisha akamvuta mzee koti.

"Babu, mama anataka kile cheusi."

Basili akautoa mkono mfukoni bila pesa, akakirudisha kile cheusi juu ya kioo, mbele ya mzee.