Jina la Kusomwa Tu

Mwalimu Innocent alitoka Bukoba na ubishi wake mzima, hakupunguza hata kidogo njiani. Nilimpenda hivyo hivyo. Mwaka 2005 shule yetu ya msingi, pale Mtawanya huku kusini, ilipopata kompyuta ya msaada, yeye ndiye aliyeandika programu ya mahudhurio, nami karani ndiye niliyeitumia. Darasa la mwanafunzi niliweza kulibadilisha. Jina nililisoma tu; nikijaribu kuliandika upya, lilikataa.

"Jina la mtu halibadiliki, dada Ashura," aliniambia. "Nimelifunga makusudi."

Januari iliyofuata wavulana wakarudi kutoka jandoni na majina mapya. Mwana wa jirani yangu Mwanakombo alirudi akiitwa Shaibu. Jina lake la utotoni silitaji, maana kwetu kumwita hivyo aliyekwishatoka jandoni ni kumtukana. Innocent alilisoma kila asubuhi kutoka kwenye karatasi ya kompyuta, tena kwa sauti nzuri kabisa. Wenzake Shaibu waliinamisha vichwa, wakaitikia majina yao ya zamani. Yeye alikaa dawati la mbele, kimya, akaandikwa mtoro. Mwalimu mkuu akasema wiki ikiisha hivyo, anamfuta shule.

Mwanakombo akaja ofisini kumwombea mwanawe. Nikamwita Innocent.

"Mtoto yuko mbele yako, unamwandika mtoro?"

"Haitiki."

"Na hataitika. Huyo unayemwita hayupo tena."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta. Akafunga namba ya kuandikishwa iwe ndiyo isiyobadilika, akafungua jina. Nikaandika Shaibu, likakubali.

"La zamani limekwenda wapi?" Mwanakombo akauliza.

"Limefutika, mama."

"Nilimpa mimi," alisema polepole. "Kulitamka siwezi tena. Lakini kulifuta sikuomba."

Nilimhurumia sana. Innocent akarudi kwenye kiti, akatengeneza nafasi nyingine, isiyochapwa kwenye karatasi ya mahudhurio.

"Andika wewe, mama. Ukimaliza nalifunga, lisomwe tu."

Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi.

Kesho yake Shaibu aliitika kwa sauti iliyofika mpaka ofisini. Mama yake huja bado, akitoka sokoni, huniomba nimfungulie nafasi ile. Hulitazama jina la zamani, midomo ikicheza bila sauti, hujifuta macho, kisha huenda kumpikia Shaibu.