Siku Tuliyomwachia Lieven Ashinde

Kaka yangu Lieven ameshindana mbio za baiskeli za kulipwa miaka kumi na miwili bila kushinda hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwabebea washindi maji na kuwakinga upepo, kisha kuachwa nyuma. Mfupa wa mtulinga, hapa begani, ameuvunja mara nne kwa kuanguka. Mwaka huu timu yake ilimwacha, na wifi yangu Griet akamwambia mbele yangu, "Kiwanda cha matofali kinakushikia nafasi mpaka Jumatatu. Ukienda kutafuta timu nyingine, mimi na mtoto tunahamia kwa mama yangu."

"Mbio za hapa kijijini ndizo za mwisho," akasema Lieven. "Halafu matofali."

Huku kwetu Flandria, anayestaafu huachiwa ushindi mbele ya watu wake. Hupangwa, kila mtu anajua, na hakuna anayelisema. Lieven mwenyewe ameshawaachia wengi. Ndiyo maana aliniapisha nisimwombee kwa mtu. Nikaapa, kisha nikamfuata Bavo, mwendeshaji ambaye kundi zima la mbio humsikiliza.

"Huyo mzee katubebea maji sote," akasema Bavo. "Lakini akijua?"

"Hatajua. Nimemwapia."

"Basi tutakunja nyuso kama tunaokufa. Kuigiza tunajua, dada."

Na waliigiza, Mungu anisamehe. Zikibaki raundi mbili Lieven alichomoka peke yake, mdomo wazi, na nyuma Bavo akawa anawafokea wenzake wakaze mwendo. Mimi nililia mbele ya baa yangu kama mjinga. Nilifurahi kweli.

Bavo alipofika aliangukia usukani. "Umetutesa, mzee. Umekula nini?"

"Chipsi za dada," Lieven akajibu, akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu aoe.

Jioni aliingia baani na maua yake ya ushindi, akamkalisha Griet.

"Nimempigia meneja wa kiwanda," akasema. "Nimemwambia ampe mtu mwingine ile nafasi."

Griet akampakata mtoto.

"Uliwaona? Bavo alikuwa hoi. Miguu ipo, Griet. Miaka yote hii nilikuwa nawafanyia wengine kazi, ndiyo maana. Nipe mwaka mmoja tu."

Ana miaka thelathini na sita. Hakuna timu itakayomchukua, na barabarani ataanguka tena. Watu wakamvuta kaunta kumnunulia bia. Griet akabaki ananitazama, na nikajua anachotaka kabla hajasema.

"Wifi, wewe ni mtu wa mbio. Walimwachia?"

Ningesema ndiyo, angekwenda kumwambia, naye pengine angempigia meneja tena na Jumatatu angeamkia kiwandani. Nikamwangalia kaka yangu pale kaunta, anaonyesha kwa mikono jinsi alivyochomoka, na wanaume wanaitikia kwa vichwa, wote wakijua.

"Hapana," nikasema. "Alishinda."

Griet akainuka, akamvalisha mtoto koti, akaenda kwa mama yake.