Mwenye Kihenge

Mwenye ghala la mahindi hakulipata bure jina la Sasa Hivi. Akitaka kitu anakitaka papo hapo, na mtu aliyethubutu kumwambia "subiri kidogo, bosi" alikuwa ameshajifukuzisha kazi. Mdogo wake, aliyeendesha mitambo ya ghala tangu lifunguliwe, hakuwahi kumwambia hivyo. Tangu utotoni kaka akisema ruka, yeye ameshakuwa hewani.

Asubuhi hiyo mahindi ndani ya kihenge kikubwa cha bati yalikuwa yamepata unyevu na kuganda juu kama gamba, na malori ya wateja yalikuwa yanasubiri nje. Mhandisi wa usalama, ambaye bosi alimbatiza Mama Mikanda kwa jinsi alivyowahimiza watu wajifunge mikanda, alisimama mbele ya ngazi.

"Chini ya gamba hilo kuna uwazi, bosi. Ukilikanyaga linabomoka. Angalau jifunge kamba."

"Mama Mikanda!" Sasa Hivi akacheka. "Haya yote nimeyajenga bila kamba. Mahindi yanaliwa na kuku, yatanifanya nini mimi?"

Akachukua ufito mrefu wa kuvunjia gamba, akapanda, akaingia. Hata hajamaliza kuwatania waliobaki chini, gamba likabomoka. Mdogo wake alipofika juu na kuchungulia kwenye tundu la kuingilia, alimwona kaka yake amezama hadi kifuani, tai bado imekaa vizuri shingoni. Na bado anatoa amri.

"Washa mashine! Mahindi yatoke chini, nishuke nayo, nitokee mlangoni!"

"Ukiwasha umemuua," mhandisi, aliyemfuata juu, alimnong'oneza mdogo mtu. "Yatamvuta na kumfunika. Tutatoboa bati pembeni, yapungue polepole. Lakini anyamaze! Kila akitoa pumzi, mahindi yanajaa pale kifua kilipopungua, yanambana zaidi. Akiendelea kupiga kelele hatutamkuta hai."

"Kaka, tafadhali, usiseme..."

"Unaniziba mdomo? Mwenye kihenge... hapa... ni nani? Washa!"

Sauti ilikuwa imeanza kukatika. Mdogo wake akashuka ngazi mbio, akasimama mbele ya swichi. Aliogopa kaka yake atakufa, na aliogopa karibu vilevile kaka yake atatoka humo na hasira. Mkono ukanyanyuka wenyewe kuelekea swichi. Akaurudisha kwa nguvu. Alimjua vizuri ndugu yake: kwa kubembelezwa hanyamazi, kwa kuogopa hanyamazi. Hunyamaza akishatiiwa tu.

Basi akawasha mashine ya kihenge cha pembeni, ambacho kilikuwa kitupu. Ngurumo ikajaa ghala zima.

"Nimewasha, kaka!"

Mle ndani mkawa kimya. Mafundi wakaanza kutoboa bati kwa mashoka, mahindi yakamwagika uani, na mdogo mtu akasimama pale roho mkononi, hajui kimya kile ni cha mtu aliyeridhika au cha mtu aliyekwisha.

Alikuwa ameridhika. Walimtoa alasiri, mbavu zinamuuma, vumbi limemjaa kwenye kope. Mdogo wake akamkumbatia huku analia waziwazi. Sasa Hivi akamsogeza pembeni, akatazama kihenge.

"Nani katoboa bati langu?"

"Matundu hayo ndiyo yaliyokuokoa, kaka."

"Kilichoniokoa ni mashine."

"Ile ilikuwa ya kihenge kitupu. Ya kwako sikuigusa. Nilikudanganya ili unyamaze."

Sasa Hivi akamtazama, kisha akacheka huku amejishika mbavu.

"Huyu mama amekulisha maneno. Niliisikia kwa masikio yangu, na mahindi nikayaona yanashuka kwa macho yangu. Lini wewe umewahi kukataa amri yangu?"

Mdogo wake akamwonyesha kihenge kitupu; hakukitazama. Ndugu yake alikuwa hai kwa sababu ya uongo wake, na sasa ukweli haukuwa na wa kuusikiliza. Mhandisi akafungua mdomo; Sasa Hivi akamwonyesha lango.

"Wewe kusanya mikanda yako uende. Ningekusikiliza ningekuwa maiti." Akamgeukia mdogo wake na kumpa ule ufito. "Malori bado yapo, na kihenge cha tatu nacho kimeganda. Ingia wewe. Ukikwama usihangaike, umeshaona dawa yake."

Akaenda mwenyewe kusimama penye swichi ya kihenge cha tatu, kidole juu ya kitufe.