Senti ya Shaba ya Lester

Verna, mjane wa kaka yangu Lester, aliniomba nimpeleke mjini Toledo kwa Hruska, mnunuzi wa sarafu za zamani. Mkobani alikuwa na senti moja ya shaba iliyoandikwa 1943, ameifunga kwenye leso.

Mwaka ule shaba ilihitajika vitani, senti zikapigwa kwa chuma. Vipande vichache vya shaba vilivyosahaulika mashineni vikapigwa senti kwa bahati mbaya, na watu wanavisaka kwa bei kubwa mpaka leo. Lester aliamini amepata kimoja. Wakati wa mgomo kiwandani aliuza gari lake, akauza na bunduki ya baba, lakini senti hakuigusa. "Hii ya Verna nikifa," alikuwa akisema.

Mimi ndiye niliyeichonga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilichukua senti ya 1948, nikaikwangua ile nane kwa tupa hadi ikawa tatu, nikaitia kwenye chenji yake ili nimcheke. Alifurahi mno, nikashindwa kusema. Miaka ikapita, na kila mwaka ulizidi kunifunga mdomo.

"Shemeji, turudi tu," nilimwambia njiani. "Wanunuzi hawa wezi."

"Mbona unatoka jasho na nje kuna theluji? Endesha, Duane."

Dukani, Hruska alileta sumaku. Senti haikunasa, basi si ya chuma. Verna akanishika mkono, akaubana. Kisha Hruska akaiweka chini ya lenzi, akainama.

"Ni shaba kweli, mama," alisema. "Ila hii tatu ilikuwa nane. Mtu kaichonga, tena kwa mkono mzuri."

Verna alikunja leso, akaikunjua. "Lester alikuwa fundi vyuma," alisema taratibu. "Kumbe alinidanganya miaka yote hii."

Hilo sikuweza kulimeza.

"Siyo yeye, shemeji. Ni mimi."

Nilieleza yote, Hruska akijifanya anapanga makaratasi. Verna hakulia wala hakunitukana. Alinyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

Aliondoka na pikapu yangu, nikarudi kwa basi. Kesho yake niliikuta imeegeshwa mlangoni kwangu. Februari nzima hakupokea simu zangu. Mwezi Machi akapiga mwenyewe.

"Mfereji wa paa umeziba. Njoo na ngazi, na maneno yako uyaache huko huko."

Nikaenda.